Wa Kunihesabia

Sheria za mashindano ya kuogelea ni nyingi, lakini ya mita mia nane ndiyo inayouma: uje na mtu wako.

Mbio nyingine unakwenda peke yako. Unavaa miwani na kofia ya mpira, unapanda jukwaani, filimbi inalia, unaruka, yamekwisha. Mia nane ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka akili inachoka na hujui tena umebakiza mizunguko mingapi. Kwa hiyo lazima upande wa pili wa bwawa pawe na mtu amepiga magoti, kibao cha namba mkononi, na kila ukimkaribia anakizamisha majini ukione. Mzunguko wa mwisho anazamisha chekundu. Waamuzi hawakupi mtu huyo. Unamleta wewe. Mke anamleta mumewe, mama anamleta binti yake. Mimi Ruthu Methusela, mwanamke wa miaka arobaini na moja, nisiye na mume wala mtoto, nilikuwa namleta Rehani.

Sisi Wagogo maji tunayajua kwa kuyachimba. Kiangazi bibi yangu alikuwa anashuka korongoni, anafukua mchanga mpaka jasho limtoke, ndipo apate maji ya kujaza kibuyu kimoja. Basi daktari aliposema mgongo wangu umechoshwa na viti vya ofisi ya serikali ya Mtumba, hapa Dodoma, nami nikaanza kwenda bwawani Nzuguni, baba yangu alicheka kwanza, halafu akakasirika.

“Maji ni ya kunywa, ya kufulia na ya kubatizia,” alisema Mzee Methusela, mzee wa kanisa tangu sijazaliwa. “Hilo la nne umelitoa wapi?”

Nililitoa kwa daktari. Ila kilichonibakiza pale, mgongo ulipokwisha kupona, alikuwa Rehani.

Rehani ana duka la vifaa vya umeme mjini na anaishi mtaa wa Kikuyu na mama yake, Bi Mwanaharusi. Yeye na mkewe waliachana zamani. Kuogelea kwenyewe hajui sana. Anapiga maji kama mtu anayefukuza nyuki. Lakini alikuwa na subira ya kukaa pembeni mwa bwawa akinihesabia mimi, jioni nyingi, bila kuombwa. Siku ya kwanza nilitoka majini miguu ikitetemeka, nikamwambia sijawahi kuchoka namna ile.

“Ni kosa langu,” alisema, macho chini. “Nimekuzidishia.”

“Umenizidishia nini?”

“Mizunguko. Nilikuwa nakutazama, nikasahau kuhesabu.”

Nilitaka kumtukana, nikacheka. Tangu hapo kukosea hesabu kukawa ndio ugonjwa wake. Leo anazidisha, kesho anapunguza, na nikimgombeza anasema, “Hesabu na macho haviendi pamoja, Ruthu. Chagua kimoja.” Mimi nilishachagua. Mwanaume mwenye duka, anayehesabu misumari na nyaya kutwa nzima bila kosa, akifika kwangu anapotea. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba napendwa.

Kwetu walisema hapana kwa sababu yeye ni Mwislamu. Kwao walisema hapana kwa sababu mimi ni Mkristo, tena nimevuka arobaini, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tukasema tutasubiri, wazee watalainika. Mimi nilikuwa nasubiri kweli.

Julai hiyo mashindano ya waogeleaji watu wazima yaliletwa Dodoma, pale pale bwawani kwetu. Kuingia mia nane ilikuwa lazima uwe umeogelea ndani ya muda wa kufuzu wa rika lako, mbele ya mwamuzi, na mimi niliupata muda huo mwezi Machi kwa kuponea chupuchupu. Mbio fupi waliziwekea huruma: hata usipofuzu unaruhusiwa kuingia mbio tatu. Na huruma hiyo ndiyo iliyoniponza. Kila mtu alikuja na tatu zake. Jumamosi ikajaa watu wasiofuzu, Rehani akiwa mmojawapo, kila mmoja akijikongoja kufika ukingoni huku watoto wake wakimshangilia, na mpaka alasiri ratiba ilikuwa imekwisha kuharibika.

Mwamuzi mkuu, Bwana Cornel, akashika kipaza sauti.

“Ndugu waogeleaji, mita mia nane wanawake hazitaogelewa leo. Zimehamishiwa kesho, Jumapili, saa moja asubuhi. Kabla ya saa kumi na moja jioni mje mezani kuthibitisha. Jina lako, na jina la mtu wako wa kuhesabu. Asiye na mtu, njia yake atapewa mwogeleaji wa akiba.”

Watu waliguna. Mimi sikuguna. Nilimfuata Rehani, aliyekuwa ametoka kushika mkia katika mita hamsini na sasa anajikausha kichwa kwa taulo. Nilikwenda nikicheka.

“Kesho saa moja, bwana. Usichelewe, maana nakujua na usingizi wako.”

Hakucheka.

“Ruthu, kesho siwezi.”

“Huwezi nini?”

“Kesho asubuhi tunakwenda Kondoa. Mimi, mama na ami Hasani. Saa mbili gari linaondoka.”

“Kuna msiba?”

“Hapana.” Alikunja taulo, akalikunjua tena. “Kuna posa.”

Nilisikia vizuri. Hata hivyo niliuliza, na swali lenyewe lilikuwa la kijinga. “Nani anaoa?”

Aliinua uso akanitazama. Rehani ana macho ya kahawia yenye kope ndefu, macho ambayo siku zote yalikuwa yakinifuata kwenda na kurudi. Yalikuwa yamejaa maji, na hayakuwa ya bwawani.

“Anaitwa Salwa,” alisema. “Ni mwalimu. Nimeongea naye mara mbili tu.”

“Ulikubali lini?”

“Mama alipolazwa. Alinishika mkono pale kitandani, Ruthu. Akasema hataki kufa akiniacha nazurura. Ningemjibu nini?”

“Ungemwambia huzururi. Ungemwambia yupo Ruthu.”

“Nilimwambia.”

“Akasemaje?”

“Aligeukia ukutani.”

Nyuma yetu walikuwa wanaita wanaume wa miaka hamsini kwa mtindo wa chura. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumshikia kandambili.

“Na mimi ulikuwa uniambie lini?”

“Leo. Baada ya mia nane. Sikutaka uingie majini na uchungu.”

Kumbe naye alikuwa na ratiba yake. Jumamosi alasiri mbio zangu, Jumamosi jioni machozi yangu, Jumapili posa yake. Aliipanga vizuri kabisa, hakuna kilichogongana na kingine, mpaka Bwana Cornel alipoivuruga.

“Basi nitaingia nao,” nikasema.

“Ruthu.”

“Nenda kavae, Rehani. Utashikwa na baridi.”

Nilisema hivyo kwa sababu midomo yake ilikuwa inatetemeka, na mazoea ya kumjali hayakuwa yamepata habari.

Nilikwenda kukaa ngazini karibu na Mama Evarista. Huyu ni nesi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya wodini, aliyeanza kuogelea baada ya kumzika mumewe. Yeye na mimi tulikuwa na makubaliano yetu. Kwenye mia nane wanaanza wenye kasi, wa polepole wanamalizia, kwa hiyo mimi nilikuwa kundi la pili naye la tatu. Nikitoka majini tu, nizunguke upande wa pili nimhesabie.

Alinitazama mara moja akajua.

“Amekwambia,” akasema.

“Ulikuwa unajua?”

“Mji huu mdogo, mwanangu. Nilitumaini ni umbea.” Alinishika goti. “La kuvunda halina ubani. Lia sasa, kesho uogelee.”

“Kesho sina mtu.”

“Ningekuhesabia mimi, lakini wa kundi linalofuata lazima akae benchi, na huyo Cornel ndivyo alivyo, hapindiki. Huna wa ofisini?”

Nilichukua simu nikapitia majina. Ofisi yetu nzima, Ijumaa ikifika, inakimbilia Dar kwa waume na wake zao. Mimi ndiye wanayemwachia funguo. Nilipita jina moja baada ya jingine, watu wanaonipigia kuniuliza faili liko wapi, na sikumpata hata mmoja wa kumwambia njoo upige magoti kwa ajili yangu. Arobaini na moja, nikawaza. Nimeishi miaka yote hiyo, na wa kunihesabia alikuwa mmoja.

“Mpigie baba yako,” alisema Mama Evarista.

Nikapiga.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mama. Umekula?”

“Nimekula. Baba, naomba kesho asubuhi uje Nzuguni. Kazi ni ndogo, unashika kibao unahesabu.”

“Kesho Jumapili.”

“Ni saa moja tu. Ibada ya pili utaiwahi.”

“Mimi ndiye ninayefungua kanisa, Ruthu. Watu wasimame nje kwa sababu nimekwenda kutazama watu wanaoga?” Nikasikia mbuzi nyuma yake wakirudishwa zizini. Kisha akasema, kwa sauti nyingine, “Yule bwana wa Kikuyu yuko wapi? Si ndiye anayekuhesabia?”

Hakuwahi kumtaja bila kukunja uso. Nikasema, “Anaoa, baba.”

Nilingojea aseme nilikwambia. Haki hiyo alikuwa nayo. Mbuzi wakalia, mlango wa zizi ukafungwa.

“Njoo nyumbani kesho ukitoka huko,” akasema mwishowe. “Kuna mlenda.”

Hapo ndipo nilipolia.

Nilipofika mezani Bwana Cornel alikuwa anafunga kalamu.

“Ruthu Methusela, njia ya tatu. Mtu wako wa kuhesabu?”

“Rehani,” nikasema.

“Una hakika atakuwepo? Asipokuwepo sikuruhusu kuruka, dada. Wa akiba yupo, naye amefuzu kama wewe.”

“Andika Rehani.”

Akaandika. Haukuwa ujanja wala imani. Sikuwa na jina lingine.

Asubuhi upepo wa Julai ulikuwa unakwaruza ngozi. Ngazi zilizojaa jana zilikuwa tupu. Walioogelea mbio zao tatu za huruma walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Kundi la kwanza lilikuwa linamalizia. Nilikaa kwenye benchi nimejifunga khanga mbili, nikitazama upande wa pili, ambako waume na mabinti walikuwa wanaanza kupiga magoti kila mmoja kwenye njia ya mtu wake. Mbele ya njia ya tatu palikuwa na saruji tu.

Wa akiba, mama mmoja wa Singida, alikuwa amesimama karibu yangu akinyoosha mikono. Alinitazama kwa huruma na matumaini pamoja. Sikumlaumu.

“Njia ya tatu,” Bwana Cornel akaita. “Mtu wako?”

“Anakuja,” nikasema.

“Nahesabu mpaka wenzako wapande majukwaani.”

Nikasimama. Nikafungua khanga ya kwanza. Nikafungua ya pili. Mama wa Singida akavaa miwani yake.

Ndipo lango likalia.

Rehani alikuwa amevaa kanzu mpya, nyeupe, yenye mikunjo ya pasi, koti jeusi juu yake na kofia ya viua kichwani. Viatu ameshika mkononi. Ukiona mwanaume amevaa hivyo asubuhi huhitaji kuuliza anakokwenda. Alipita mbele ya majukwaa, akasimama nilipo, na harufu ya udi wa mama yake ikanifikia kabla ya maneno.

“Mama yuko garini,” alisema polepole. “Nimemwambia kuna kazi ya kumalizia.”

“Akasemaje?”

“Kasema niharakishe.”

Tulitazamana. Nilikuwa na maneno ya usiku kucha, makali na laini. Nikaona ndevu amezichonga. Nikaona hakulala.

“Utalowa,” nikasema.

“Itakauka njiani.”

Akazunguka bwawa, akachukua kibao, akapandisha kanzu mpaka magotini, akapiga magoti kwenye saruji mbele ya njia yangu. Filimbi ikalia.

Chini ya maji hakuna upepo wala Kondoa. Kuna pumzi yako, kuna mstari mweusi sakafuni, na mwisho wa mstari kuna mkono. Mara ya kwanza niliona kibao na mkono mkavu. Mara iliyofuata mkono wa kanzu ulikuwa umelowa mpaka kiwiko, unaelea kidogo majini. Nikageuka, nikarudi, nikaja tena. Namba ilikuwa sahihi.

Nilijua ni sahihi kwa sababu nilikuwa nahesabu mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya tangu nimjue. Nilikuwa nangojea akosee. Sikutaka ushindi, sikutaka muda. Nilitaka kitu kimoja tu katika dunia nzima: azidishe. Asahau. Kosea, Rehani, nilisema ndani ya maji, mapovu yakapanda. Kosea mara moja tu nijue bado unanitazama.

Kibao kilizama. Namba ilikuwa sahihi.

Mikono ilianza kuuma, mgongo ukauma, nikawa naongeza kasi ili nimfikie na kupunguza ili nisimalize. Kila nilipokuja mkono ule ulikuwepo, haujachelewa wala kuwahi, na namba ilikuwa ile ile niliyokuwa nayo kichwani. Halafu kikaja chekundu. Alikitikisa majini kama ilivyo desturi, kushoto kulia, kushoto kulia, na kwa muda nikaona vidole vyake vyote. Nikageuka. Nikaogelea urefu wa mwisho nikimpa mgongo, kwa kuwa bwawa limejengwa hivyo, unamalizia ulikoanzia.

Nikagusa ukuta.

“Dada Ruthu!” Bwana Cornel alikuwa ameinama na saa yake, uso mzima meno. “Umeivunja rekodi yako ya Machi vibaya sana! Mwakani umefuzu tayari!”

Nikavua miwani nikageuka kumtazama mtu wangu. Kibao kilikuwa ukingoni. Rehani alikuwa amefika langoni, ameinama anavaa viatu, kanzu imeshikamana na magoti. Akanyanyuka. Akanitazama, mbali vile, akaweka mkono kifuani. Kisha akatoka.

Hakukosea hata mara moja. Basi, nikajiambia, ameacha kunitazama. Mwanamke huachwa kwa barua, huachwa kwa simu. Mimi nimeachwa kwa hesabu iliyo sawasawa.

Nilijivuta nje ya maji. Gari lilikuwa halijawashwa. Kutoka pale mpaka langoni si mbali. Ningeweza kukimbia hivyo nilivyo, na nguo ya kuogelea na maji yakinichuruzika, nikasimama mbele ya kioo cha Bi Mwanaharusi nikamwamkia shikamoo, anione mara moja tu kabla hajampeleka mwanawe. Nilikwisha kupiga hatua ya kwanza.

“Njia ya tano,” Bwana Cornel aliita nyuma yangu. “Mama, mtu wako yuko wapi?”

Mama Evarista alikuwa juu ya jukwaa, kofia imemshuka kwenye nyusi, mikono imekumbatia tumbo kwa baridi. Hakunyoosha kidole. Hakuita kwa ile sauti ya wodini. Alinitazama tu, akatazama lango, akanitazama tena.

“Nenda, mwanangu,” akasema. “Mimi nitaogelea mwakani.”

Alikuwa na miaka sitini na sita. Muda wa kufuzu aliuhangaikia mwaka mzima.

“Nipo,” nikamwambia Bwana Cornel. “Mtu wake ni mimi.”

Nikazunguka bwawa. Nikakiokota kile kibao, bado kimelowa, nikaenda nacho mpaka njia ya tano nikapiga magoti. Filimbi ikalia, Mama Evarista akaanguka majini kwa kishindo, na hapo hapo, ng'ambo ya ukuta, gari likawashwa.

Lango lilikuwa wazi mbele yangu. Ningeinua kichwa ningeliona likipita. Sikuinua. Nilishika kibao kwa mikono miwili nikatazama namba. Mama Evarista akaja, nikazamisha. Akaenda. Nikageuza namba. Injini ikanguruma, matairi yakakanyaga kokoto, ikasikika ikiingia barabarani. Akaja, nikazamisha. Machozi yalikuwa yanadondoka bwawani na hakuna aliyeweza kuyatofautisha. Nilizishika zile namba kama mtu aliyeshika ukingo, maana nilijua nikiziachia nitasimama na kukimbia, na sitarudi.

Alipomaliza alikuwa wa mwisho kabisa, wenzake wamekwisha kuvaa. Nilikwenda kumpa mkono apande ngazi. Alihema, akacheka, akanikumbatia na ubaridi wake wote.

“Mwanangu, umenihesabia vizuri! Mimi huyu najifuatilia mwenyewe kichwani. Hujakosea hata mara moja.”

“Sikuthubutu kuinua macho,” nikasema.

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nikaona mkono wa kanzu ukielea majini, namba baada ya namba, hauchelewi wala kuwahi. Nikakaa chini pale pale, kwenye saruji iliyolowa, nikamlilia Rehani.